Kaseti Iliyotishia Ndege

Ukija kwangu Visiga na spika ya bluetooth kwapani, iache barazani. Shikamoo yako nitaipokea, chai utakunywa, lakini kidude hicho hakiingii sebuleni kwangu. Nimeshachoka. Nimefanya kazi ya sauti miaka thelathini na mitatu, vipokea sauti vikiwa masikioni mwangu kama wengine wanavyovaa hereni, na sikustaafu ili nije kusikilizishwa besi inayotikisa vikombe kabatini huku maneno ya mwimbaji yamezama kama kijiko kwenye uji.

Naitwa Mwanaidi. Nilizaliwa Masaki, na nikisema Masaki msinitazame hivyo. Si ile ya Dar yenye maghorofa. Ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Nilikuwa fundi wa kurekodi. Siku hizi nafuga kuku hapa kando ya barabara ya Morogoro, na watu wananiletea kompyuta zao niziweke sawa zipige muziki kwa sauti safi. Nyinyi vijana ndio mnaokuja zaidi. "Bibi, nimenunua mashine kali, mbona muziki haupendezi?" Kila wiki swali hilo hilo. Leo nawajibu kwa maandishi ili mkae nayo. Mtanivumilia nikifoka. Jambo hili siwezi kulizungumza nikiwa nimetulia, na mkifika mwisho mtajua ninayemfokea ni nani.

Juzi nilipita Mlandizi, karibu na stendi, kwa kijana mmoja anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi. Ubaoni ameandika kwa chaki: MUZIKI WA UBORA WA JUU. Nikaingia.

"Hizi zote FLAC, bibi," akasema. "Hazijabanwa hata kidogo."

"Umezitoa wapi?"

"Nazishusha mtandaoni, halafu nazigeuza."

"Zinakuwa nini kabla hujazigeuza?"

"MP3."

"Mjukuu wangu, ukiutwanga muhogo ukapata unga, halafu unga huo ukaumwaga ndani ya maganda yake, umepata muhogo?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Bibi na wewe! Lakini faili linakua. Tazama, lilikuwa mega tatu, sasa ni mega thelathini."

"Umenenepesha gunia."

"Wateja wanapenda gunia nene, bibi."

Nilitoka pale bila kuaga. Sikilizeni, kwa sababu hili ndilo la kwanza na ndilo la mwisho. MP3 inalipunguza faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo inadhani sikio halitazikosa. Ikibana kidogo, wengi wenu hamtambui, wala siwalaumu. Ikibana sana, kuna vitu vinaondoka: ncha ya kayamba, mlio wa herufi s mdomoni mwa mwimbaji, pumzi anayoivuta kabla ya ubeti. FLAC haitupi kitu. Yenyewe inakunja nguo bila kuikata. Lakini ukiipa nguo iliyokwisha kukatwa mikono, itaikunja hivyo hivyo bila mikono, na hakuna programu duniani itakayoshona kitambaa ambacho hakipo. Kilichotupwa kimetupwa. Nawaomba mliandike hilo ukutani juu ya mashine zenu.

Aliyenifundisha kusikia ni marehemu Fundi Salehe, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililokuwa na kalamu tano mfukoni, zote hazina wino. Kalamu zile zilikuwa za kuzungushia kaseti. Wiki yangu ya kwanza nilitoka kula mihogo ya kukaanga nikashika utepe kwa vidole vile vile. Aliusukuma mkono wangu kama anafukuza kuku mezani.

"Wewe binti! Unaukaanga utepe?"

Akanipeleka bombani, nikanawa kwa sabuni mara tatu huku amesimama pembeni anahesabu. Kisha akaniweka kwenye chumba kitupu, akanifungia mlango alasiri nzima. Alipofungua akauliza, "Umesikia nini?" Nikamwambia sikusikia kitu. "Kesho unarudi." Nikarudi siku tatu. Siku ya tatu nilisikia saa ya ukutani chumba cha pili, mdudu ndani ya mbao, na koo lake mwenyewe akimeza mate nje ya mlango. Akasema sasa naweza kuanza kazi.

Nawasimulia haya kwa sababu mnaniuliza mnunue nini, na mimi najibu: mnunue kwanza ukimya. Kompyuta yenye feni inayolia haifai kukaa mezani mbele yako. Iweke chini, nyuma ya pazia, au chumba cha pili upitishe waya mrefu. Diski ya kuzunguka itoe, weka isiyozunguka. Mnanunua spika za bei ya ng'ombe na kuzipanga kando ya friji inayokoroma. Halafu mnaniita mimi.

Fundi Salehe alinifundisha na jambo jingine, nalo nimelijutia. Mashine yetu ya kurekodia safarini ilikula betri nane kubwa kwa wakati mmoja, na betri zilikuwa adimu kama sukari. Kwa hiyo alikuwa na amri: wimbo ukiisha, zima. "Hatukuja kurekodi kikohozi, Mwanaidi." Nilitii. Nilitii miaka na miaka, mpaka kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kikawa kinafanya chenyewe. Noti ya mwisho inatua, sekunde kadhaa zinapita, tk. Hata kama nilikuwa nafikiria chakula, tk.

Ndivyo nilivyofanya siku ile Kisarawe. Ilikuwa miaka ya themanini, kanisa la Kilutheri lenye paa la bati, kwaya ya watu ishirini na kitu, na mimi msichana wa Kiislamu mwenye khanga kichwani ninayetambaa chini ya mabenchi nikipitisha nyaya. Wanakwaya walinitania mchana kutwa.

"Dada Mwanaidi, leo utaondoka umeokoka."

"Nitaondoka na kaseti. Inanitosha."

Wimbo wa tatu uliongozwa na Eliwaza. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, alikuwa mkulima. Alisimama karibu mno na kipaza sauti, nikamwambia arudi hatua moja, akarudi nusu hatua na kutabasamu. Alipofungua mdomo nilisahau kazi. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa na mchanga kidogo chini yake, kama maji ya kisima kipya, na kabla ya kila ubeti alivuta pumzi ndefu iliyosikika wazi, bila aibu, kama mtu anayejitwisha mzigo anaojua uzito wake. Nje alikuwa na mtoto wa miezi michache, amemwachia wifi yake. Mwaka haukuisha, homa ya siku nne ikamchukua Eliwaza. Mtoto alikuwa hajaanza kutembea.

Mtoto huyo anaitwa Tumaini. Leo ni mama wa watoto wawili, muuguzi hapa Kibaha, mtu wa kujipangia mambo yake polepole mpaka yanatimia. Mwaka huu alikuja kwangu na karatasi: ameshanunua kompyuta, kadi ya sauti ya nje, amplifaya na spika mbili. Alikuwa amesoma. Nilimpenda papo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, unataka kusikiliza nini?"

"Wimbo mmoja tu."

"Vyombo vyote hivi kwa wimbo mmoja?"

"Ni mama yangu anaimba. Ninao kwenye simu tangu niko sekondari, lakini kila nikiupiga ni kama anaimba ndani ya ndoo ya maji. Picha yake ninayo moja, na kwenye picha amefumba macho. Binti yangu ameingia kwaya sasa, ananiuliza, bibi alikuwa na sauti gani? Namwambia nzuri. Nzuri, mama! Hata chai huwa nzuri. Nataka nimsikie kama yupo chumbani, mara moja tu, ndipo nimjibu mtoto."

Jina la Eliwaza alipolitaja nilikaa chini. Nikamwambia mimi ndiye niliyemrekodi. Akanishika mikono yote miwili. Nikaahidi. Niliahidi kama mjinga, nikaingia kazini kwa kiburi changu chote.

Niliyoyafanya nyumbani kwake ndiyo mnayotakiwa kuyafanya kwenu, basi yashikeni. Tulipowasha kulikuwa na mngurumo spikani, mmm, usiokwisha. Nikaichomoa chaja ya kompyuta, ikabaki na betri yake, mngurumo ukakatika. Hapo unajua kosa liko kwenye umeme, wala si kwenye spika. Soketi haikuwa na waya wa ardhini. Tukamwita fundi umeme akauweka, na stabilaiza iliyokuwa imebanana na amplifaya nikaihamishia upande wa pili wa chumba. Kisha nikaingia ndani ya mfumo wa kompyuta, nikazima kila kitu kinachojiita maboresho: mazingira ya ukumbi, besi ya ziada, usawazishaji wa sauti. Kompyuta ikitoka kiwandani inadhani wewe ni kiziwi. Vile vile ina tabia ya kuzipitisha sauti zote kwenye mlango mmoja, muziki wako na mlio wa ujumbe wa simu ya shemeji yako, na hapo mlangoni inazigeuza zote ziwe za kipimo kimoja. Kataeni. Kwenye programu ya kuchezea muziki kuna sehemu ya kuipa njia ya peke yake hadi kwenye kadi ya sauti, faili lifike jinsi lilivyo. Sauti ya kompyuta nikaiacha juu kabisa, kupunguza na kuongeza kukabaki kwenye kitufe cha amplifaya. Wale mnaosukuma mpaka asilimia mia mbili kwenye programu, mnazikata ncha za mawimbi kwa panga, halafu mnasema mashine ina mikwaruzo.

Spika nikazitoa kwenye pembe za ukuta, nikaziinua zilingane na masikio ya mtu aliyeketi, nikatandika zulia. Siku mbili za kazi. Chumba kikawa kimya kama kile cha Fundi Salehe. Tumaini akavua viatu, akakaa. Nikabonyeza.

Ndoo ya maji.

Eliwaza alikuwa mle ndani ya ndoo, anabubujika, kayamba zinachuruzika kama mchanga uliolowa. Vyombo vile vizuri havikumsaidia. Vilituonyesha uozo kwa usafi zaidi.

Nilipandwa na hasira. Nikalaumu waya. "Huu umenunua wapi? Umeibiwa!" Nikalaumu kadi ya sauti. Nikamlaumu Tumaini mwenyewe kwa kufungua dirisha. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole wa wauguzi, "Mama, hebu jaribu wimbo mwingine." Nikaweka wimbo mwingine, wa watu wengine. Chumba kikajaa. Unasikia ukucha ukigusa uzi wa gitaa.

"Basi ni faili," nikasema. "Ni mpumbavu gani alilibana faili hili? Niambie ni nani, nimfuate kwake!"

Kuna programu zinazochora sauti, mnaiona kama ramani, noti za chini chini na za juu juu. Sauti nzima inapanda kama moshi, inafifia taratibu. Ile ya Eliwaza ilipanda mpaka nusu ikagonga dari iliyonyooka, kama imekatwa kwa rula. Juu ya dari, giza. Nikafungua maelezo ya faili nione lilikotoka. Jina lake la kwanza kabisa lilikuwa bado lipo: KSRW KST04 A3 MW.

Kisarawe, kaseti ya nne, upande A, wimbo wa tatu.

"MW ni nani, mama?" Tumaini akauliza.

Feni haikuwepo ya kusingizia, wala friji. Nilisikia koo langu likimeza mate.

"Ni mimi," nikasema.

Sasa mmejua. Miaka ile CD zilipoingia, kazini kwetu tulipata kompyuta moja yenye diski ndogo, na fahari ya kila mtu ilikuwa kujaza nyimbo mia moja na hamsini kwenye CD moja. Mjomba wake Tumaini, Zakaria, kaka yake Eliwaza, mkulima wa mpunga bonde la Ruvu, alikuja na mfuko wa kaseti zile za kwaya, ambazo kazini tulikuwa tumewakabidhi, akaniomba nizihifadhi kwa njia ya kisasa. Nikachagua kipimo kidogo kuliko vyote. Hakuna aliyenilazimisha. Nikakata mwanzo na mwisho wa kila wimbo, vikohozi, mabenchi, minong'ono, nikayaita hayo usafi. Nilikuwa na masikio ya Fundi Salehe kichwani na sikuyatumia, kwa sababu kompyuta ilikuwa mpya na mimi nilitaka kuonekana mpya. Hata ile pumzi ya Eliwaza, iliyonifanya nisahau kazi, niliigeuza ikawa povu. Na nilipomrudishia Zakaria mfuko wake nilimwambia neno, nikacheka, naye akacheka. Neno hilo nitalifikia.

Tumaini hakunitukana. Heri angenitukana.

"Kaseti zenyewe ziko wapi?" akauliza.

Kesho yake tulikuwa Mlandizi, bodaboda mbili zikatupeleka mpaka mwisho wa njia, tukamaliza kwa miguu juu ya matuta. Zakaria alikuwa katikati ya majaruba yake, suruali imekunjwa magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Heh, umekuja na Fundi! Fundi, nasikia bado unazifukuza spika za watu?"

"Zakaria, sina mzaha leo. Zile kaseti ulizoniletea ziko wapi?"

Alinitazama kama nimemuuliza mto uko wapi. "Si nilifanya ulivyoniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia, kaseti kazi yake imekwisha, nenda ukatishie ndege."

"Nilikuwa natania!"

"Ulikuwa na koti jeupe, Fundi. Mtu wa koti jeupe akisema jambo, mimi nakwenda kulifanya." Akanyoosha mkono kuonyesha shamba. "Nilitoa utepe wote, nikaufunga kwenye vijiti, kutoka huku mpaka kule. Tena utepe ulinisaidia! Kweleakwelea hawakutua hapa misimu miwili. Ule utepe unameremeta, halafu upepo ukipita unavuma. Asubuhi nilikuwa nasimama pale nausikiliza. Najisemea, huyo dada yangu."

Tumaini alitugeuzia mgongo akatembea mpaka ukingo wa jaruba. Mimi nikafanya jambo la aibu. Nilimfokea Zakaria, mzee wa watu, katikati ya mpunga wake, nikamwambia hata mtoto angejua ni mzaha. Akaning'amua vizuri kabisa.

"Unanifokea mimi, au unajifokea?"

Nikaketi juu ya tuta.

"Halafu hujanipa nafasi nimalize," akasema. "Ya mwisho haikwisha."

"Nini haikwisha?"

"Kaseti. Jaruba liliisha kabla ya kaseti. Nikakata, nikaiweka ile iliyobaki, nikasema itafaa msimu mwingine. Baadaye tukaanza kufunga mifuko ya nailoni, nikaisahau."

Alikwenda kwenye banda akarudi na ndoo ya mbegu yenye mfuniko uliobana. Akachimba ndani ya mpunga mkavu mpaka kiwiko, akatoa kifurushi cha plastiki kilichofungwa kwa ukanda wa mpira. Ndani, kaseti moja, utepe umekatwa unaning'inia kama ulimi. Kwenye karatasi, mwandiko wangu: 04.

Wataalamu wenye makoti meupe tuliziacha kaseti kwenye makabati yanayovuja mpaka zikaota ukungu. Mkulima wa Ruvu aliihifadhi yake pamoja na mbegu, mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwake. Naomba mlifikirie hilo mnapodharau watu.

Nilinawa mikono mara tatu. Nilifungua ganda kwa bisibisi ndogo, parafujo tano, nikahamishia utepe kwenye ganda zima lenye sponji nzuri ya kuubana utepe kwenye kichwa cha mashine kinachousoma. Nikaunga kipande cha utepe mweupe mbele pale alipokata. Nikauzungusha kwa kalamu, taratibu, mwanzo hadi mwisho na kurudi, ili matabaka yaliyogandana yaachane yenyewe. Ukiharakisha na mota unang'oa sauti. Kichwa cha mashine nikakisugua kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha kuna parafujo moja ndogo kando ya kichwa ambayo wengi wenu hamjawahi kuigusa. Inakilaza kichwa upande huu au ule. Unaigeuza kidogo kidogo huku unasikiliza, na kuna mahali pamoja, pembamba kama uzi, ambapo sauti iliyokuwa imefumba macho inayafumbua. Nikapapata.

Zakaria alikuwa amevuta utepe kuanzia mwanzo wa upande A, kama mita thelathini na kitu. Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa zimeliwa na jua la Mlandizi. Wa tatu ulikuwa umekatwa karibu na mwisho wa ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili na wa tatu zilikuwepo.

Niliuingiza kwenye kompyuta kwa kipimo kikubwa kuliko vyote ambacho kadi ya sauti ya Tumaini iliweza, bila kubana, nakala tatu sehemu tatu. Kisha nikaunganisha: ubeti wa kwanza kutoka faili langu la aibu, na pale utepe unapoanza, utepe. Ningeweza kulainisha kiungo kisijulikane. Sikulainisha. Nilitaka kovu lisikike.

Jumamosi asubuhi tulikaa sebuleni kwa Tumaini, yeye, binti yake, Zakaria aliyevaa shati la kanisani, na mimi. Nikabonyeza.

Ndoo ya maji. Bubu, bubu, Eliwaza anaimba chini huko, anaimba, anaimba, na ghafla kama mtu amelipiga teke dirisha. Hewa ikaingia. Paa la bati likawa juu yetu. Kayamba zikawa na mbegu ndani, unaweza kuzihesabu. Noti ya mwisho ya ubeti wa kwanza ikashuka, kukawa na kimya, na kwenye kimya kile Eliwaza akavuta pumzi. Ndefu, pana, ya mtu anayejitwisha mzigo. Binti yake Tumaini akageuka kutazama nyuma ya spika. Zakaria alifunika uso kwa kofia.

Tumaini hakulia. Alikuwa amesogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti, mdomo wazi kidogo, anavuta pumzi pamoja naye.

Wimbo ukaisha. Na hapo, vijana, yakaja yale niliyoyakata zamani nikayaita uchafu. Mabenchi yakalia. Mtu akakohoa. Mbali, nje ya kanisa, mtoto mchanga analia. Na karibu kabisa na kipaza sauti, kwa ile nusu hatua aliyokataa kurudi, Eliwaza akacheka na kusema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya jikoni:

"Huyo ananiita. Nakuja Tumaini, nakuja mama yangu, ngoja niku..."

Tk.

Tumaini alikuwa amemsikia mama yake akiimba tangu yuko sekondari, lakini hajawahi kumsikia akizungumza. Alikuwa hajui mama yake analitamkaje jina lake.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Mara ya tatu akauliza, "Ngoja niku nini?"

"Nikunyonyeshe," akasema Zakaria. "Atakuwa alisema nikunyonyeshe."

"Hujui, mjomba."

"Sijui, mwanangu. Kweli sijui."

Kisha akanigeukia mimi. "Na huo mlio unaomkata, mama, ni kitu gani?"

Ningeweza kumwambia ni mashine. Ningeweza kusema ni betri, na betri kweli zilikuwa adimu.

"Ni kidole changu," nikamwambia.

Akakitazama kidole changu, kilichokuwa kimelala gotini kama kitu kisicho na habari. Akasema tu, "Haya." Mpaka leo sijui neno hilo lilibeba nini, na sina ujasiri wa kumuuliza.

Basi nyinyi mnaokuja kwangu na mashine zenu kali, mkinikuta nafoka juu ya faili lenu lililobanwa, mjue sipiganii besi wala kayamba. Diski siku hizi ni kubwa kuliko akili zetu. Betri zipo. Hamna sababu hata moja niliyokuwa nayo mimi, na mimi mwenyewe sikuwa nayo. Msibane. Msikate. Msitupe kaseti mpaka mtu mwenye masikio ameisikiliza yote, upande A na upande B, pamoja na vikohozi. Na mkiwa na koti jeupe, chungeni mizaha yenu.

Mwezi uliopita binti yake Tumaini aliimba na kwaya yake kwenye kanisa lile lile la Kisarawe, na Tumaini akaniomba nirekodi. Nilikwenda. Wimbo ulipotua, nilihisi kidole kinanyanyuka chenyewe, kama miaka yote, nikauchukua mkono wa kulia nikaukalia. Sekunde zikapita. Mabenchi yakalia. Mtoto akashuka jukwaani akanijia pale chini nilipokuwa, akachungulia taa nyekundu ya mashine.

"Bibi, tumeshamaliza. Mbona huzimi?"

"Nani amekuambia mmemaliza?" nikamfokea. "Endelea kuongea."